R134a, R600a au R290: gesi ipi kwa friza ya samaki Kigoma na Tabora

Anayenunua friza ya kuwekea migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, pale Kibirizi, Kigoma, au ya kuuzia samaki na barafu Tabora mjini, huangalia lita, unene wa mlango na bei. Kibandiko kidogo kilichobandikwa nyuma karibu na kompresa hakimshughulishi. Lakini mstari mmoja wa kibandiko hicho, ule ulioandikwa R134a, R600a au R290 na gramu zake, ndio unaosaidia kueleza friza itagandisha kilo ngapi kwa usiku mmoja, itavumilia vipi bomba likitoboka, na fundi atakayeitwa anatakiwa awe na vifaa gani.

Tunalinganisha gesi hizo tatu kwa sababu ndizo utakazokutana nazo kwenye friza za dukani na za mitumba, na kwa sababu kila moja ni dutu safi. Maana yake ndani ya bomba kuna kitu cha aina moja tu, hakuna mchanganyiko. Dutu safi ina tabia inayomsaidia sana fundi: kimiminika na mvuke vikiwa pamoja ndani ya chombo kimoja, ukijua presha umeshajua joto, na ukijua joto umeshajua presha. Kila presha ina joto lake moja la kuchemkia. Sufuria ya maji inafuata sheria hiyo hiyo. Dar es Salaam maji huchemka nyuzi 100. Kigoma, ambako ziwa lenyewe liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu nyuzi 97, na Tabora kwenye mita 1,200 hivi huchemka karibu nyuzi 96. Moto ni ule ule na maji ni yale yale, ila hewa inayoyakandamiza ni nyepesi zaidi.

Shika jambo hilo la hewa, kwa sababu ndilo linalovuruga usomaji wa geji (kipima presha) huku kwetu.

Namba zenyewe

| Sifa | R134a | R600a | R290 |
|---|---|---|---|
| Ni nini | tetrafluoroethani | isobutani | propani |
| Huchemka kwa presha ya pwani | −26.1°C | −11.7°C | −42.1°C |
| Joto fiche, yaani inalobeba ikigeuka mvuke, hapo inapochemka (kilojuli, kJ, kwa kilo) | karibu 217 | karibu 365 | karibu 426 |
| Presha halisi kwenye −25°C (bar) | 1.06 | 0.58 | 2.03 |
| Geji itasoma Dar es Salaam | +0.05 | −0.43 | +1.02 |
| Geji itasoma Kigoma | +0.14 | −0.34 | +1.11 |
| Geji itasoma Tabora | +0.18 | −0.30 | +1.15 |
| Presha halisi kwenye 45°C (bar) | 11.6 | 6.0 | 15.3 |
| Uzito wa lita moja ya mvuke kwenye −25°C | gramu 5.5 | gramu 1.7 | gramu 4.6 |
| Joto ambalo juu yake haigeuki kimiminika | 101°C | 135°C | 97°C |
| Inawaka? | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Uwezo wa kupasha dunia joto (kaboni dioksidi = 1) | 1,430 | karibu 3 | karibu 3 |

Tumechukua nyuzi −25 kwa sababu friza inayotakiwa kuweka samaki kwenye −18 lazima gesi yake ichemke kwenye baridi kali zaidi ya hiyo, la sivyo joto halitatoka kwenye samaki kwenda kwenye bomba. Nyuzi 45 ni joto la kawaida la kondensa (bomba linalotoa joto nje ya friza) chumba kikiwa na nyuzi 28 hadi 30. Friza ikisukumwa ukutani bila nafasi, kondensa hupanda hadi 55 na zaidi, na hapo hakuna gesi itakayokuridhisha. Acha sentimita 10 nyuma na pembeni, gesi yoyote iwayo.

Geji, pwani na bara

Geji ya fundi haipimi presha halisi. Inapima tofauti kati ya kilichomo ndani ya bomba na hewa ya mahali uliposimama. Hewa ya Dar ni bar 1.01, ya Kigoma ni karibu 0.92, ya Tabora karibu 0.88. Kwa hiyo gesi ile ile, yenye baridi ile ile, inaonyesha namba tofauti katika miji mitatu, na geji haina kosa. Ili upate presha halisi, jumlisha hewa ya mahali ulipo kwenye namba ya geji, kisha ndipo ufungue jedwali.

Hapo R600a hutofautiana sana na wenzake. Fundi aliyezoea pwani ameshika kichwani kwamba R600a kwenye −25 husoma −0.43. Akiwa Tabora akaitafuta namba hiyo hiyo, presha halisi ndani itakuwa 0.45, na isobutani kwenye 0.45 inachemka karibu nyuzi −31. Amekosea nyuzi 6. Kwa R134a kosa kama hilo ni nyuzi 3 hivi, kwa R290 ni nyuzi 2 tu. Sababu ni kwamba presha ya R600a ni ndogo, kwa hiyo sehemu ndogo ya bar inabeba nyuzi nyingi. Ndiyo maana R600a haijazwi kwa geji hata siku moja. Hujazwa kwa mizani inayosoma gramu moja moja. Friza iliyoandikwa gramu 55 ukiikosea gramu 5 umekosea karibu asilimia 9. Friza ya R134a ya gramu 120 kwa kosa hilo hilo umekosea asilimia 4.

Mkanganyiko mwingine wa aina hii hutokea kwenye vakumu, yaani kunyonya hewa yote bombani kwa pampu kabla ya kujaza gesi. Vitabu vingi husema vuta hadi inchi 30 za zebaki. Kigoma haiwezekani kuvuka inchi 27 na kidogo, na Tabora mwisho ni 26, kwa kuwa hewa yote iliyopo ndiyo hiyo. Pampu nzima hutupwa kwa kudhaniwa imechoka, kumbe imefika mwisho wa kazi yake. Usipime vakumu kwa geji ya kawaida. Tumia geji ya maikroni, ambayo inapima presha halisi na haijali uko mwinuko gani. Lengo ni maikroni 500 au chini, na ukifunga valvu ya pampu namba isipande haraka.

Lita za mvuke, si kilo za gesi

Ukiangalia joto fiche peke yake utasema R600a inaizidi R134a: kilo moja ya isobutani ikigeuka mvuke inabeba karibu 365 kJ, ya R134a inabeba 217. Hesabu hiyo ni sahihi, ila kompresa haihesabu kilo. Pistoni inavuta lita. Kila mzunguko unameza ujazo ule ule wa mvuke, na mvuke wa isobutani kwenye −25 ni mwepesi mno, gramu 1.7 tu kwa lita. Zidisha uzito wa lita kwa joto fiche kwenye baridi hiyo, utapata kwamba lita moja ya mvuke wa R134a imebeba karibu 1.2 kJ, ya R600a karibu 0.63, na ya R290 karibu 1.85.

Kwa hiyo kwa pistoni ya ukubwa mmoja, R600a inatoa nusu ya baridi ya R134a, na R290 inatoa mara moja na nusu. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana kompresa ya R600a ina silinda kubwa karibu mara mbili na ya R290 ina silinda ndogo. Anayechukua friza ya R134a iliyovuja na kuijazia R600a kwa sababu ndiyo gesi aliyonayo, anapata friza isiyozima usiku kucha na samaki wasioganda katikati. Anayeijazia R290 anaitwisha mota mzigo ambao haukutengenezewa: inachemka, kinga inakata, inarudi, inakata tena, hadi waya za ndani zinaungua.

Kuna upotevu mwingine unaofanana kwa gesi zote. Kimiminika kikitoka kwenye kondensa kina nyuzi 45 hadi 50, kinapita kwenye kapilari (bomba jembamba sana) na kutokea upande wa nyuzi −25. Lazima kipoe njiani, na njia pekee ya kupoa ni sehemu yake kuchemka. Kwa R134a inayoshuka kutoka 50 hadi −25 bila kupozwa kwingine, karibu nusu ya kimiminika huwa imeshakuwa mvuke kabla haijawagusa samaki. Ndiyo sababu kapilari hubandikwa kwenye bomba la mvuke baridi linalorudi kwenye kompresa: mvuke huo unakipoza kimiminika kabla hakijafika. Fundi akibadilisha kapilari na kuiacha ikining'inia peke yake, friza inapoteza nguvu na hakuna atakayejua kwa nini. Irudishe ilivyokuwa, uifunge kwa karatasi ya aluminiamu na sponji ya kuzuia joto.

Kilo 20 za migebuka

Tuchukue mfano wa mchuuzi anayepokea kilo 20 za migebuka alfajiri, wakiwa na joto la ziwa, nyuzi 26, na anataka jioni wawe −18 tayari kwa treni ya kwenda Tabora.

Kutoka 26 hadi karibu −1, kila kilo ya samaki inatoa karibu 3.6 kJ kwa kila nyuzi moja. Hiyo ni 1,944 kJ kwa kilo 20. Kisha maji yaliyomo mwilini mwao, ambayo ni kama robo tatu ya uzito, yanaganda. Hapa nyuzi hazishuki sana ila joto linatoka kwa wingi: karibu 250 kJ kwa kilo, jumla 5,000. Kutoka −1 hadi −18 wakiwa wameshaganda, ni 2 kJ kwa kilo kwa nyuzi, jumla 680. Ukijumlisha yote unapata karibu 7,600 kJ.

Theluthi mbili ya kazi yote imo kwenye ile hatua ya kuganda, ambapo ukichomeka kipimajoto ndani ya samaki unakuta kimesimama kwenye −1 au −2 saa baada ya saa. Wengi hapo hudhani friza imeharibika, wakaita fundi aongeze gesi. Samaki wanaganda, waache.

Kwa saa 12, 7,600 kJ ni wati 176 mfululizo. Ongeza joto linalopenya kwenye kuta na mlango, chukulia wati 60, inakuwa karibu 235. Kompresa lazima iwe na uwezo wa baridi unaozidi hapo kwenye nyuzi −25. Namba hiyo ni tofauti na wati za umeme zilizoandikwa kwenye friza. Hiyo ya umeme ni chakula chake, hii ni kazi yake. Muulize muuzaji uwezo wa kugandisha kwa saa 24. Kama friza imeandikwa kilo 8, basi ni kilo 8, hata kama kilo 100 zinaenea ndani.

Friza ya nyumbani ya R600a mara nyingi imetengenezwa kutunza kilichoganda tayari na kugandisha kidogo kidogo. Kwa kilo 20 za kila siku itahangaika, na samaki wakiganda polepole chembe za barafu ndani ya nyama hukua kubwa na kuichana. Wakiyeyuka sokoni wanatoa maji na nyama inalegea. Friza ya biashara ya R290 ndiyo inayofaa hapo. Kama uliyonayo ni ya R600a, ipunguzie kazi: waweke samaki kwenye barafu ya maji kwanza hadi wafike nyuzi 0. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza 334 kJ, kwa hiyo kwa hesabu kavu kilo 6 zinatosha kwa kilo 20 za samaki; weka 10, kwa kuwa sanduku nalo linavuja. Umeiondolea friza robo ya mzigo kwa barafu tu.

Bomba likitoboka

Angalia tena mstari wa presha kwenye −25. R134a na R290 zimekaa juu ya hewa ya nje, Kigoma na Tabora pia. Tundu likitokea upande wa baridi, gesi inatoka nje. Friza inaisha nguvu, fundi anatafuta kwa povu la sabuni, anaona mapovu, anaziba.

R600a iko chini ya hewa ya nje. Kompresa ikifanya kazi, tundu la upande wa baridi halitoi gesi bali linavuta hewa ndani. Povu la sabuni halitaonyesha kitu. Hewa hiyo haigeuki kimiminika kwenye kondensa, inakusanyika pale, presha ya juu inapanda, kompresa inachemka. Pamoja na hewa unaingia unyevu, na kando ya ziwa unyevu upo mwingi. Tone la maji likifika mwisho wa kapilari linaganda na kuziba. Dalili zake ni hizi: friza inapoa vizuri, ghafla inaacha, sauti ya gesi kupita inapotea, baada ya muda inaanza tena yenyewe. Weka kitambaa cha maji ya moto pale kapilari inapoingia. Ukisikia gesi ikianza kufoka mara moja, ni barafu. Kama haisikii kitambaa, ni uchafu au nta ya oili. Kutafuta tundu kwenye R600a, zima friza, iache ipate joto, sukuma naitrojeni kavu hadi bar 10 hivi, ndipo upake sabuni.

Kukausha mfumo nako ni suala la maji kubadilika hali, na hapo haraka huharibu kazi. Kwenye nyuzi 30 maji huchemka presha halisi ikishuka chini ya milibar 42. Pampu ikivuta kwa kasi mfumo wenye maji mengi, maji yanachemka, yanajipoza yenyewe kwa kuchemka huko, na presha ikishuka chini ya milibar 6.1 hayawezi tena kuwa kimiminika. Yanakuwa barafu ndani ya bomba. Barafu nayo hutoa mvuke, lakini taratibu mno, na geji ya maikroni inaweza kukuonyesha namba nzuri huku barafu imebaki kwenye kona ya evapereta (bomba la upande wa baridi). Ukishuku maji, vuta dakika 20, vunja vakumu kwa naitrojeni kavu, pasha evapereta kwa hewa ya moto, vuta tena. Rudia mara tatu. Badilisha filta draya (kichujio kinachonyonya unyevu) kila unapofungua mfumo, bila kuangalia imekaa muda gani. Kwa R134a kuwa makini zaidi, maana oili yake ya POE inanyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya jikoni msimu wa masika. Kopo lililoachwa wazi usiku kucha usilitumie.

Moto

R134a haiwaki katika hali ya kawaida, na hapo imewashinda wenzake wote wawili. R600a huanza kuwaka ikifika asilimia 1.8 ya hewa, karibu gramu 43 kwa mita moja ya ujazo. R290 ni asilimia 2.1, karibu gramu 38. Zote mbili ni nzito kuliko hewa na hulala sakafuni.

Friza ya gramu 60 kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.7: gesi yote ikitoka na kuchanganyika sawasawa ni gramu 2.5 kwa mita, mbali sana na hatari. Hatari iko kwenye sehemu zilizofungwa. Ndani ya friza ya lita 200, gramu 60 zinazidi hata kiwango cha juu cha kuwaka, na unapofungua mlango hewa inaingia na mchanganyiko unapita katikati ya eneo la kuwaka. Ndiyo maana friza za R600a na R290 zina thermostati, swichi ya taa na relei zilizofungwa zisitoe cheche. Friza ya R134a haina hivyo. Hii ni sababu ya pili, na kubwa zaidi, ya kukataa kubadilisha gesi kwenye friza isiyotengenezewa.

Fundi wa R600a na R290 hafungui bomba kwa moto wa kuchomelea. Anakata kwa kikata bomba, anatoa gesi nje ya nyumba kwa mpira mrefu mbali na jiko la mkaa, anapitisha naitrojeni, ndipo anawasha moto. Kama fundi anaanza kwa kuwasha tochi, msimamishe.

Gesi ya jikoni haimo kwenye ulinganisho huu

Swali hili huulizwa sana: R600a na R290 si ndiyo gesi ya kupikia? Mtungi wa jikoni una propani na butani pamoja, kwa kiasi kisichojulikana kwa friza, pamoja na dawa ya harufu yenye salfa. Si dutu safi. Butani ya kawaida huchemka kwenye −0.5, propani −42. Mchanganyiko wake haufuati jedwali: unaanza kuchemka kwenye joto moja na kumaliza kwenye jingine, mwanzo wa evapereta unaganda na mwisho wake unabaki vuguvugu. Ukivuja, gesi iliyobaki si ile uliyoweka. Salfa inashambulia shaba na unyevu wake haujapimwa. Friza iliyojazwa hivyo inaweza kupoa wiki ya kwanza, na hapo ndipo inapomdanganya mwenye mali.

Kuupima mtungi kabla ya kununua

Kwa kuwa dutu safi ina presha moja kwa kila joto, mtungi wenyewe unaweza kuuhoji. Uache kivulini saa kadhaa pamoja na kipimajoto, halafu soma geji. Kwenye nyuzi 30, Kigoma utasoma karibu 6.8 kwa R134a, 3.1 kwa R600a na 9.9 kwa R290. Tabora ongeza 0.04. Mtungi ulioandikwa R600a ukisoma 6, ndani kuna kitu kingine, huenda propani. Ukisoma juu kidogo ya inavyotakiwa, huenda kuna hewa.

Kipimo hiki hufanya kazi mtungini tu, ambako kuna kimiminika cha kutosha. Usikifanye kwenye friza ndogo iliyozimwa: gramu zake ni chache, kwenye nyuzi 30 kimiminika chote kinaweza kuwa kimeisha kugeuka mvuke au kujificha ndani ya oili, na presha itakuwa chini ya jedwali hata kama gesi ni kamili.

Kwa R134a kipimo hiki nacho kina upofu mmoja. Gesi bandia yenye R40 (methili kloridi) huchemka karibu na R134a na huchanganywa ili isome sawa kwenye geji. R40 ikikutana na aluminiamu hutengeneza kitu kinacholipuka kikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua mafundi. Nunua mtungi wenye lakiri isiyoguswa, kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Tunavyochagua

Nyumba, au duka dogo linalotunza samaki walioganda tayari, soda na barafu za mifuko: R600a mpya. Inatumia umeme kidogo, presha yake ni ndogo, kompresa haina kelele. Sharti ni moja, awepo fundi mwenye mizani ya gramu moja na geji ya maikroni. Kama mjini kwako hayupo, sifa zote hizo zitaisha siku ya kwanza ya kuvuja.

Mchuuzi wa mwaloni (mahali pa kushushia samaki) anayegandisha samaki wabichi kila siku: R290. Ukiangalia presha ya juu na ya chini, R290 inafanya kazi kwa uwiano wa 7.5 wakati R134a ni karibu 11 na R600a zaidi ya 10, kwa hiyo pistoni yake inajaza vizuri zaidi hata mchana wa joto wa Oktoba. Hakikisha bomba na kondensa havina kutu, kwa kuwa inabeba bar 15 na zaidi.

Friza ya R134a uliyonayo ikiwa kompresa ni nzima: itengeneze, uijaze R134a ile ile kwa gramu za kwenye kibandiko. Kununua mpya ya R134a leo hatushauri. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyoongezwa kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, yanapunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Kwa kundi la nchi ambalo Tanzania imo, kiwango kilizuiwa kisipande kuanzia 2024, kinashuka asilimia 10 mwaka 2029, 30 mwaka 2035, hadi 80 mwaka 2045. Friza nzuri inaishi miaka 15, na utakuja kuhitaji gesi hiyo ikiwa adimu.

R22 ya mitumba ya zamani iache. R404A ni mchanganyiko, hujazwa ikiwa kimiminika, na uwezo wake wa kupasha dunia ni 3,922. Amonia, yenye joto fiche la 1,370 kJ kwa kilo, haina mpinzani kwenye kiwanda cha barafu, lakini inakula shaba na ni sumu. Nyumbani utaikuta tu kwenye jokofu la mafuta ya taa, ikiwa imefungwa kwenye chuma pamoja na maji na haidrojeni.

Gesi yoyote utakayoichukua, weka kifaa cha kuchelewesha umeme kwa dakika 5. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha ya juu bado haijateremka kupitia kapilari, na mota ndogo haina nguvu ya kuanza dhidi ya bar 11 au 15. Inanguruma bila kuzunguka hadi kinga ikate. Ukirudiwa mara nyingi kwa usiku mmoja, mchezo huo huunguza kompresa ambayo gesi yake haikuwa na kosa lolote.